Tamasha la bia na muziki kwa hisani: Mgonjwa wa Malemba-Nkulu atabakiwa na nini?

Chupa ya Simba au Tembo inayofunguliwa katika baa ya Malemba-Nkulu imetoka mbali. Bia hizo hutengenezwa Lubumbashi, na ili zifike katika wilaya hiyo ya jimbo la Haut-Lomami, kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hulazimika kupita kwenye reli iliyochakaa au barabara mbovu hadi Bukama, kisha zishuke mto Lualaba kwa boti. Kila hatua inaongeza bei. Mnywaji anapotoa franka zake, analipia kiwanda, ushuru, treni au lori, boti, na mwishowe mwenye baa.

Hesabu hiyo ya chupa moja ndiyo inayopaswa kutangulia kila mazungumzo kuhusu tamasha la bia na muziki kwa ajili ya hisani, aina ya sherehe iliyozoeleka Ulaya na ambayo hoja yake inaeleweka haraka hata katika miji midogo ya Kongo. Watu wanapenda muziki. Watu wanakunywa hata pasipo tamasha. Kwa nini basi sehemu ya fedha hizo isichimbe kisima, isinunue dawa au isimsaidie mkimbizi wa ndani?

Swali hilo ni la haki. Lakini uzoefu wa Kongo yenyewe, wa majirani zake na wa nchi zilizoanza sherehe hizi zamani unaonyesha kwamba jambo linaloamua si kama bia itauzwa au la. Jambo linaloamua ni nani analipwa kwanza. Pasipo makubaliano ya mapema, bia hulipwa kwanza, muziki hulipwa wa pili, na maskini ambaye jina lake limeandikwa kwenye tangazo hupokea kilichobaki, kama kimebaki.

Shida inajulikana

Malemba-Nkulu si mahali pa kutafutiwa sababu ya kuchangisha fedha. Wilaya hiyo iko kwenye bonde la Upemba, eneo la maziwa na vinamasi ambalo Lualaba hulipitia ukielekea kaskazini. Samaki wa bonde hilo hulisha watu wengi wa Katanga ya zamani. Maji hayo hayo ndiyo yanayoleta kipindupindu. Maeneo ya afya ya kando ya mto na maziwa, kama Malemba-Nkulu, Mulongo, Mukanga na Kinkondja, yamo katika orodha ya yale ambayo ugonjwa huo hurudi mara kwa mara nchini humo.

Kipindupindu hakihitaji hospitali ya kifahari. Mgonjwa anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kupoteza maji mwilini, lakini akipata maji ya chumvichumvi na sukari mapema, na dripu kwa aliyezidiwa, karibu wote hupona. Vifo hushuka chini ya asilimia 1. Hii ndiyo sababu kiasi kidogo cha fedha, kikifika kwa wakati, kinaweza kuokoa maisha. Ni sababu pia ya kuuliza kwa ukali fedha hizo zinapopotelea njiani.

Kuna jeraha jingine. Katika miaka ya 2000 wapiganaji wa Mai-Mai, wakiwemo wa Gédéon Kyungu Mutanga, waliwatoa watu wengi vijijini mwao katika sehemu hiyo ya Katanga. Na mnamo Novemba 2023, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, Malemba-Nkulu ilitajwa nchi nzima kwa sababu ya vurugu kati ya wenyeji na watu wenye asili ya Kasai, zilizozuka baada ya kifo cha mwendesha pikipiki na kusababisha vifo vya watu kadhaa. Kwa hiyo tamasha lolote la hadhara katika mji huo lina kazi mbili: kukusanya fedha, na kukusanya watu ambao si muda mrefu waliogopana.

Ndoa ya zamani

Bia na muziki vimeoana Kongo kwa miaka mingi. Kampuni iliyokuja kuitwa Bralima ilianzishwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1923, na bia yake ya Primus ikaanza kuuzwa miaka mitatu baadaye. Lubumbashi nayo imekuwa ikitengeneza bia yake tangu miaka ya 1920, enzi ambapo migodi ya shaba ilikuwa ikikusanya vibarua kutoka kila upande, kiwanda ambacho leo kinajulikana kama Brasimba. Wanamuziki wa Katanga walijua mapema kwamba kampuni za vinywaji zina fedha: Édouard Masengo, mpiga gitaa aliyeimba kwa Kiswahili, alifika hadi Nairobi ambako muziki wake ulitumika kutangaza Coca-Cola.

Ndoa hiyo ilipamba moto Kinshasa mwanzoni mwa karne hii. Bralima, iliyokuwa chini ya Heineken ya Uholanzi, na Bracongo, ya kundi la Castel la Ufaransa, zilishindana kwa kutumia waimbaji. Werrason alisimama upande wa Primus, mpinzani wake JB Mpiana upande wa Skol. Mwandishi wa Ubelgiji David Van Reybrouck alilieleza shindano hilo kwa kirefu katika kitabu chake cha historia ya Kongo cha mwaka 2010. Jukwaa, malori, vipaza sauti na fulana vyote vilitoka kwa mtengeneza bia.

Hali si tofauti kwa majirani. Nchini Tanzania, kwa miaka kadhaa tuzo kubwa za muziki zilibeba jina la bia ya Kilimanjaro. Nchini Rwanda, shindano la Primus Guma Guma Super Star lilianza mwaka 2011 na kutoa wasanii waliojulikana nchi nzima. Kenya ilikuwa na Tusker Project Fame. Katika nchi ambazo serikali haina bajeti ya maana ya utamaduni, kampuni ya bia ndiyo imekuwa wizara ya muziki isiyo rasmi.

Hilo lina faida yake. Bila wadhamini hao, wasanii wengi wasingepanda jukwaani. Lakini kampuni ya bia haidhamini muziki kwa sababu ya kuupenda. Inadhamini kwa sababu muziki unauza bia. Neno hisani likiongezwa kwenye tangazo, mpangilio huo haubadiliki wenyewe. Inabidi ubadilishwe kwa makusudi, na kwa maandishi.

Hesabu ya kreti mia mbili

Tuchukue mfano wa kufikirika, wenye tarakimu nyepesi ili hesabu ionekane. Tuseme watu 1,500 wameingia kwenye tamasha, kila mmoja kwa kiingilio cha franka 2,000. Hizo ni franka milioni 3. Zimeuzwa kreti 200 za chupa 12, yaani chupa 2,400. Kila chupa imenunuliwa kwa franka 4,000 na kuuzwa kwa 5,000. Mauzo ya bia ni franka milioni 12. Jumla ya fedha zilizopita mikononi mwa waandaaji ni milioni 15, na mji mzima utasema tamasha limefana.

Sasa toa gharama. Kununua bia ni milioni 9 na laki 6. Jenereta na mafuta, laki 9. Jukwaa na vyombo vya muziki, milioni 1 na laki 2. Wanamuziki, usafiri na chakula chao, milioni 2. Ulinzi, vibali na usafi, laki 5. Chupa zilizovunjika au kupotea, laki 2, maana chupa tupu isiporudi kiwandani mwenye kreti hudai fidia. Kinachobaki ni laki 6.

Kwa maneno mengine, kati ya kila franka 100 zilizotolewa kwa jina la wagonjwa, 64 zimekwenda kununua bia na 4 zimewafikia wagonjwa. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyedanganya kwenye daftari. Hesabu yenyewe ndivyo ilivyo.

Mvua ikinyesha na watu wakija nusu, mambo yanageuka. Kiingilio kinakuwa milioni 1 na nusu, faida ya bia milioni 1 na laki 2, lakini jenereta, jukwaa na wanamuziki bado wanadai malipo yao kamili. Hasara inafika franka milioni 2 na ushee. Tamasha la hisani limezaa deni, na mara nyingi deni hilo hubebwa na yule kijana aliyesaini karatasi.

Badilisha kitu kimoja tu. Mdhamini, awe mtengeneza bia, kampuni ya simu au mfanyabiashara wa samaki, alipe jukwaa na wanamuziki moja kwa moja. Siku ya jua, kinachobaki kinapanda kutoka laki 6 hadi milioni 3 na laki 8, karibu franka 25 kati ya kila 100. Siku ya mvua, badala ya deni kunabaki milioni 1 na laki 1. Umati ni ule ule na bia ni ile ile. Tofauti imeletwa na mkataba uliosainiwa kabla ya kreti ya kwanza kufunguliwa.

Waliotangulia walifanyaje

Uingereza ina mamia ya matamasha madogo ya bia yanayoandaliwa na vilabu vya hisani kama Rotary na Round Table. Siri yao haiko kwenye bia. Iko kwenye mpango. Mfanyabiashara wa mtaa hulipia pipa zima, na jina lake hubandikwa juu ya pipa hilo. Mnywaji hununua glasi ya ukumbusho mlangoni, kisha tokeni, ili fedha taslimu zisipite kwenye mikono mingi. Wanaohudumu ni watu wa kujitolea. Bendi mara nyingi ni ya mtaani. Kwa kuwa pipa limeshalipiwa, karibu kila kinachouzwa ni cha hisani.

Goma nayo ina mfano wa karibu zaidi, ingawa lengo lake ni amani. Tamasha la Amani, lililoanzishwa na Foyer Culturel ya mji huo, lilipangwa kufanyika mwaka 2013, likaahirishwa kwa sababu ya vita vya M23, na hatimaye likafanyika Februari 2014. Lilisimama juu ya vijana wengi wa kujitolea na kiingilio cha takriban dola moja. Funzo lake kwa mji kama Malemba-Nkulu ni kwamba kiingilio kidogo na watu wengi kinawezekana, ila tu pale gharama kubwa zinapokuwa zimeshabebwa na wengine.

Mfano wa kuonya ni wa zamani. Agosti 1, 1971, George Harrison na Ravi Shankar waliandaa jijini New York onyesho kubwa kwa ajili ya wakimbizi wa Bangladesh. Muda mfupi baada ya onyesho, zaidi ya dola 243,000 zilikabidhiwa kwa UNICEF. Lakini mamilioni yaliyotokana na santuri na filamu yalikwama kwa miaka katika mikono ya mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa sababu waandaaji hawakuomba msamaha wa kodi kabla ya onyesho. Nia ilikuwa safi, na wasanii walikuwa wakubwa kuliko wote wa wakati wao. Karatasi ndiyo iliyokosekana.

Kongo pia ina karatasi zake. Mashirika yasiyo ya faida yanaongozwa na sheria namba 004/2001 ya Julai 20, 2001. Bia ina ushuru wake unaokusanywa na DGDA, na kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16. Haki za watunzi wa nyimbo ziko chini ya SOCODA. Kundi la vijana lisilosajiliwa, linalokusanya fedha za umma kwa jina la wagonjwa, liko wazi kwa kila ofisa mwenye muhuri. Aliyejisajili mapema ana cha kumwonyesha.

Mdhamini naye hukaguliwa

Kuna upande mwingine wa swali la mdhamini. Januari 2018, Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulitangaza ushirikiano na Heineken, kwa hoja kwamba kampuni inayofikisha bia kila kijiji inaweza kusaidia kufikisha dawa. Miezi miwili baadaye Mfuko huo uliusimamisha ushirikiano huo, baada ya taarifa kuhusu mazingira ya wanawake wanaotumika kunadi bia za kampuni hiyo kwenye baa barani Afrika.

Hoja ya usambazaji haikuwa ya kijinga. Yeyote aliyesafiri ndani ya Kongo anajua kwamba kuna vijiji ambako bia iko na dawa haipo. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, na linahusisha pombe na vifo milioni 2.6 duniani katika mwaka 2019. Kituo cha afya kinachopokea fedha za bia kinapaswa kujua kwamba baadhi ya watakaolazwa usiku wa tamasha watakuwa wametoka kwenye tamasha hilo hilo.

Hilo halimaanishi kukataa kila franka ya kiwanda. Linamaanisha kuweka mipaka: kiwanda kilipie jukwaa na maji safi, kisiamue ratiba; kisiwatume wasichana kunadi chupa; na watoto wasiingizwe kwenye eneo la vinywaji.

Mji ulioko kanisani

Mwandaaji anayetegemea bia peke yake Malemba-Nkulu atagundua pia kwamba amewaacha wengi nyumbani. Mwanza, katika wilaya hiyo, ndiko wamisionari William Burton na James Salter walikoweka kambi mwaka 1915 na kuanzisha kazi iliyozaa mojawapo ya makanisa makubwa ya Kipentekoste nchini. Kanisa la Methodisti nalo lina mizizi mirefu Kamina na Katanga Kaskazini. Ni Askofu wake Ntambo Nkulu Ntanda aliyewakutanisha viongozi wa Mai-Mai na wakuu wa serikali mjini Kamina mwaka 2004, wakati ambapo wachache walithubutu kuwaita mezani.

Makanisa hayo yanahimiza waumini wake wasinywe pombe. Na ndani ya makanisa hayo ndimo zilimo kwaya, yaani vikundi vya muziki vilivyopangika kuliko vyote katika mji mdogo: wana viongozi, wana ratiba ya mazoezi, wana wapiga gitaa, na wana watu watakaowafuata popote watakapoimba.

Njia ya kati ipo. Mchana uwe wa kwaya, ngoma za Kiluba na vinywaji visivyo na kilevi. Jioni iwe ya bendi na bia, kwenye eneo lililozungushiwa uzio. Na kuna kinywaji kingine kinachosahaulika kwenye mijadala hii. Munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi kinachojulikana kote Katanga na ng'ambo ya mpaka Zambia, hutengenezwa na akina mama wa mtaani. Franka inayonunua munkoyo inalala Malemba-Nkulu. Franka inayonunua bia ya chupa inarudi na boti.

Jambo hilo si la kupuuzwa katika hesabu ya hisani. Fedha zinazobaki mikononi mwa mama muuza munkoyo ni ada ya shule na ni dawa, hata kabla ya waandaaji kutangaza walichokusanya. Sharti ni moja: maji yaliyotumika yawe yamechemshwa au kutiwa klorini, la sivyo tamasha litasambaza kile linachochangisha fedha kukipiga vita. Lutuku, pombe kali ya kienyeji ambayo hakuna anayejua ukali wake hadi imeshanywewa, ibaki nje ya uzio.

Mlango na choo

Oktoba 29, 2022, watu 11 walikufa katika mkanyagano kwenye Uwanja wa Martyrs jijini Kinshasa, wakati wa onyesho la Fally Ipupa. Serikali ilisema umati ulizidi uwezo wa uwanja. Julai 27, 2024, kwenye uwanja huo huo, watu wasiopungua 7 walikufa katika onyesho la mwimbaji wa nyimbo za injili, Mike Kalambay.

Kuyaweka matukio hayo mawili pamoja kunasahihisha dhana moja. Wengi hudhani hatari ya tamasha inatoka kwenye chupa. Onyesho la pili lilikuwa la injili. Kilichoua ni idadi ya watu na njia finyu za kupita. Mji ambao hauna uwanja wenye milango mingi, wala gari la wagonjwa la kutegemewa, unapaswa kuhesabu tiketi kabla ya kuhesabu kreti. Ikiwa eneo linachukua watu 1,500, tiketi ya 1,501 isichapishwe, hata kama aliyeiomba ni ndugu wa mkubwa.

Choo ni suala zito zaidi kuliko linavyosikika. Kipindupindu husambaa kwa kinyesi kinachoingia kwenye maji na chakula, na mikusanyiko mikubwa ya watu ni mojawapo ya njia zake. Watu 1,500 wanaokula na kunywa kwa saa nane kando ya mto, pasipo vyoo vya muda, maji ya klorini na sabuni, ni hatari kwa mji mzima. Mganga mkuu wa eneo la afya ana haki ya kusema tamasha lisogezwe mbele ikiwa wagonjwa wameanza kuonekana, na mkataba na wanamuziki unapaswa kuitambua sauti yake.

Tarehe na nyimbo

Hisani pia ina siasa zake. Aprili 2025, wasanii wenye asili ya Kongo walipanga jijini Paris onyesho la mshikamano na watoto wa mashariki mwa Kongo, kwenye ukumbi wa Accor Arena. Tarehe ya kwanza ilikuwa Aprili 7, siku ambayo ulimwengu unakumbuka mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Polisi wa jiji walilipiga marufuku kwa tarehe hiyo, na likahamishiwa Aprili 22. Wengi walijadili tarehe kuliko watoto.

Malemba-Nkulu haina Accor Arena, lakini ina Novemba 2023. Nani anapanda jukwaani, anaimba kwa lugha gani, na bendi ipi inaachwa, ni maswali ambayo mji uliogawanyika huyasoma haraka. Kama jukwaa zima ni la upande mmoja, Mkasai mwenye duka atafunga mlango mapema siku hiyo. Kama kamati ina wenyeji na wageni, waendesha pikipiki na wavuvi, makanisa na wenye baa, tamasha linaweza kufanya kile ambacho mikutano ya hoteli imeshindwa kukifanya.

Muziki wa Kongo wenyewe una chombo kinachoweza kutumika. Wenye fedha wamezoea kulipa ili majina yao yatajwe katikati ya wimbo, mtindo unaoitwa libanga. Fedha hizo kwa kawaida huingia mfukoni mwa mwimbaji. Kwenye tamasha la hisani, kila jina linalotajwa liwe na bei inayojulikana, na bei hiyo iingie kwenye sanduku lililofungwa mbele ya watu. Hata noti zinazobandikwa kwenye paji la uso la mcheza ngoma zinaweza kuwa na utaratibu wake, sehemu yake, sehemu ya wagonjwa. Wanamuziki hawatakataa ikiwa wameambiwa kabla ya siku yenyewe na mshahara wao uko salama.

Cha kuuliza kabla ya kununua tiketi

Kwa yote hayo, kipimo cha tamasha la aina hii hakihitaji mtaalamu wa fedha. Mwananchi wa kawaida anaweza kuuliza mambo matano. Je, waandaaji wamesajiliwa na wana akaunti ya pamoja, iwe benki au kwenye simu, inayohitaji saini zaidi ya moja? Je, nani amelipia jukwaa na wanamuziki, na kwa maandishi? Je, kiasi cha chini kitakachokwenda kwa kituo cha afya au kisima kimetajwa kabla, badala ya kuahidi "faida yote"? Je, mganga mkuu na polisi wamekubali idadi ya watu? Na je, hesabu itasomwa lini, wapi, na nani atakayeisoma?

Maneno "faida yote" ndiyo yanayostahili kuangaliwa kuliko yote. Faida yote ya hasara ni sifuri. Ahadi yenye maana ni ile inayosema kwamba franka kadhaa za kila tiketi zinawekwa kando mlangoni, kabla ya mwenye jenereta wala mwenye kreti kulipwa. Hapo ndipo mgonjwa anapopanda kutoka nafasi ya mwisho kwenye foleni na kuwa wa kwanza.

Mwandaaji atakayejibu maswali hayo matano atapata upinzani mdogo, hata kutoka kwa wasiokunywa. Atakayeyakwepa anaweza bado kujaza uwanja, maana muziki ni mtamu na usiku ni mrefu. Lakini Jumatatu asubuhi, wakati chupa tupu zinapakiwa kwenye boti kurudi Bukama, muuguzi wa kituo cha afya atafungua kabati la dawa. Atakachokikuta humo ndicho kitakachosema kama lilikuwa tamasha la hisani au mauzo ya bia yaliyopambwa kwa nyimbo.